Vinundu Baada ya Kupona

Nilimeza dawa za ukoma kwa miezi kumi na miwili. Siku niliyomaliza pakiti ya mwisho, nesi wa kliniki aliandika kwenye kadi yangu kwamba nimekamilisha matibabu, akasimama, akanipa mkono. Nautaja huo mkono kwa sababu mwaka ule walionipa mkono hawakuwa wengi.

"Umepona, dada," akasema. "Nenda kashone nguo zako. Ila ukiona kitu chochote kisicho cha kawaida, hata kama ni baada ya mwaka, rudi."

Nilitoka pale na neno moja tu kichwani, umepona, nikalibeba mpaka nyumbani Mbagala.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye fremu niliyopanga karibu na muuza mkaa, na kabla ya haya yote sikuwa na sifa nyingine zaidi ya kwamba suruali zangu hazifumuki. Ugonjwa wangu uligunduliwa na pasi. Nilikuwa nanyoosha kola, nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikadhani jirani kaanza kuchoma mishikaki mapema. Kumbe kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala kwenye pasi. Sikusikia maumivu hata kidogo. Kikatoa lengelenge kubwa, nami nikikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Hospitali walinivua blauzi, wakaona mabaka mgongoni na mikononi ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nayapaka dawa ya fangasi. Wakachukua kipimo, wakaniambia ni ukoma.

Mwaka wa dozi ulikuwa na taabu zake. Dawa ilinifanya mweusi wa namna ya ajabu, weusi wenye wekundu kwa mbali, mpaka wateja wakaniuliza kama nimeacha mkorogo ambao sijawahi kuupaka. Lakini nilijua ninachofanya. Kuna ugonjwa, kuna dawa, kuna tarehe ya kumaliza. Mtu anaweza kuvumilia mengi akiwa na tarehe ya kumaliza.

Wiki ya sita baada ya kumaliza, niliamka asubuhi nina homa, na mapaja yananiuma kama nimepigwa. Nikafunua khanga. Kulikuwa na vinundu, vyekundu, vya moto, ukubwa wa karanga, vimejificha chini ya ngozi. Nilipokigusa kimoja machozi yalinitoka bila kuniuliza. Kufika mchana vilikuwa vimetoka mikononi, siku ya pili vikawa mashavuni na kwenye ncha za masikio. Viungo vikavimba. Nilishindwa kukanyaga cherehani. Hata shuka ikinigusa ilikuwa inauma.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Ugonjwa wenyewe, ambao kila mtu anauogopa, haukuwahi kuniuma. Uliniunguza kidole na sikujua. Sasa nimepona, nina kadi yenye saini, na ndio kwanza naumwa.

Sikurudi kliniki. Niliona aibu, kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani halafu akakutwa hajui kusoma. Nilikwenda duka la dawa, kijana wa pale akatazama mkono wangu kwa mbali akasema ni majipu. Akanipa dawa ya majipu, nikameza siku tano, vinundu vikazidi. Mwenzangu mmoja wa jumuiya akasema ni mzio, niache dagaa. Nikaacha dagaa. Mama yangu, ambaye tangu baba afariki anaishi nami, akanikanda kwa maji ya uvuguvugu huku akisema taratibu kwamba hili si la bure, kuna mtu hakupenda nipone.

"Nani, mama?"

"Ningemjua ningekuambia?"

Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, ndiye aliyenisukuma. Alikuwa ananishika kunisaidia kuinuka, nikapiga kelele, akaruka nyuma akatazama viganja vyake kama ndivyo vyenye makosa. Kesho yake nilipanda bajaji nikaenda kliniki.

Nesi yule yule alinipokea. Hakuonyesha kushangaa. Alibonyeza vinundu kwa ncha ya kidole, akapapasa nyuma ya kiwiko changu mahali mshipa wa fahamu unapopita, nikaruka kitini. Akaenda kumwita daktari, mwanaume wa makamo mwenye sauti ndogo. Akanichunguza macho, akanikagua mikono na miguu, akasema ni riaksheni.

"Ukoma umerudi?" nikauliza.

"Haujarudi. Wadudu wamekufa. Ila mabaki yao bado yamo mwilini mwako, na mwili wako sasa ndio unayapiga vita."

"Mwili unapigana na maiti?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Sasa daktari, mimi ni mgonjwa au nimepona?"

Alimtazama nesi. Nesi ndiye aliyenijibu: "Ukoma umepona. Hiki unachoumwa ni cha baada ya ukoma. Wengine kinawapata wakiwa kwenye dozi, wengine wakishamaliza. Wengi hakiwapati kabisa. Ndiyo maana nilikuambia urudi ukiona kitu."

Nilikubali kwa kichwa, ila nilichoelewa kilikuwa kidogo. Daktari akaniandikia vidonge vya prednisoloni, akanionya nisije nikaviacha ghafla, hata nikijisikia vizuri, kwa sababu dozi yake inashushwa polepole. Kisha nesi akachukua daftari akauliza, "Kwenye ukoo wenu, kuna mtu aliwahi kuumwa ukoma?"

Swali hilo aliniuliza pia mwaka uliopita, nikajibu sijui, likaisha. Safari hii nilikuwa nimechoka, na mwenye maumivu hana adabu nyingi.

"Si mlinifundisha hapa hapa kwamba ukoma haurithiwi?"

"Haurithiwi."

"Mbona unauliza ukoo?"

Akaweka kalamu chini. "Unaambukizwa kwa hewa, dada, na si kwa kupita njiani. Ni kwa kukaa na mgonjwa ambaye hajatibiwa, muda mrefu. Na watu wanaokaa pamoja muda mrefu ni akina nani? Mara nyingi ni ndugu."

Hilo nikalielewa. Nikataka kuondoka nalo, lakini daktari akaongeza, nadhani kwa nia njema: "Halafu watu wengi wakimpata huyu mdudu, miili yao inamshinda wala hawajui. Ni wachache anaowaweza. Na hao wachache, inaonekana zipo familia ambazo miili yao inashikwa kirahisi kuliko nyingine. Huo wepesi ndio mtu anaweza kuzaliwa nao."

"Kwa hiyo unarithiwa."

"Ugonjwa, hapana. Wepesi wa kushikwa, ndiyo, kwa kiasi fulani."

"Na hivi vinundu? Navyo nimezaliwa navyo?"

"Hapo," akasema, "hata sisi hatujui vizuri kwa nini huyu vinamtoka na yule havimtoki."

Nilitoka na vidonge na barua ya kuwaita wote niliowahi kuishi nao nyumba moja kwa muda mrefu, waje wakaguliwe. Njia nzima nilijaribu kulipanga lile jambo likae sawa. Haurithiwi, ila kuna kitu unarithi. Nimepona, ila naumwa. Kila nikishika upande mmoja, upande wa pili unafumuka.

Nyumbani nilimsomea mama barua. Hata sijafika mwisho akasema, "Kwetu hakuna."

"Mama, sijasema kwenu kuna."

"Nakuambia mapema. Sisi Ifakara kule tunajulikana. Kaulize upande wa baba yako."

Upande wa baba uliobaki hapa mjini ni mmoja tu, shangazi yangu wa Mwananyamala. Ni mwalimu mstaafu, hakubahatika mtoto, na nyumbani kwake ndiko nilikosomea sekondari na baadaye kujifunza kushona, miaka sita jumla, nikilala naye chumba kimoja. Kama kuna mtu aliyenilea mjini, ni yeye. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Uso umekuwaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akasema, "Kwetu? Babu yako alikufa na meno yake yote, vidole vyake vyote, na akili zake zote. Mwambie mama yako akueleze habari za mjomba wake aliyekuwa anavaa soksi na viatu mchana kutwa, jua la Ifakara lile. Alikuwa anaficha nini?"

Nilirudi Mbagala na hizo soksi. Mama alikasirika nisivyowahi kumwona.

"Mjomba alikuwa mpishi wa mapadre. Walimpa soksi, akavaa. Sasa na wewe umuulize shangazi yako, yule bibi yao aliyekuwa hana nyusi, nyusi zake zilikwenda wapi?"

Hilo sikuweza kulipuuza, kwa sababu nesi aliwahi kuniambia kwamba ukoma wa aina yangu ukikomaa unaweza kuondoa nyusi. Nikampigia simu shangazi. Akasema bibi alikuwa anazinyoa. Nikampa mama jibu. Mama akauliza ni bibi gani wa kijijini, enzi zile, ananyoa nyusi. Wiki mbili nzima wakarushiana marehemu kupitia kwangu, na mimi katikati nikijaribu kupata ukoma kwenye soksi za mtu mmoja na nyusi za mwingine, watu ambao wote wawili sikuwahi kuwaona.

Vinundu, kwa upande wake, vilikuwa vinasinyaa. Prednisoloni ilifanya kazi haraka mno. Siku ya tatu homa ilishuka, siku ya saba nikakanyaga cherehani. Vikaacha alama nyeusi mapajani kama vidoa vya wino. Lakini dawa nayo ikaja na mambo yake. Nikawa na njaa isiyoisha, uso ukavimba duara kama sufuria, na nikawa mkali bila sababu, hata mama akaanza kuniepuka. Wateja wakasema nimenawiri. Niliposhushiwa dozi mara ya pili, vinundu vikarudi, vichache, mikononi tu. Nikarudi kliniki, wakapandisha dozi, wakaanza tena kuishusha polepole zaidi. Nesi akasema ndivyo ilivyo kwa wengine.

Jioni moja binti yangu alikuwa anafanya hesabu zake miguuni pangu, nami napindia sketi. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, mie nimetoka upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Upande wa bibi au upande wa bibi shangazi. Wa ukoma."

Sindano ilisimama mkononi. Nilikuwa nadhani yale maneno yanapita juu ya kichwa chake. Kumbe alikuwa anayaokota moja moja, na kwa hesabu yake, upande wowote utakaoshinda, yeye yumo. Nilitaka kumwambia haurithiwi. Nikakumbuka kauli ya daktari. Nikamwambia, "Umetoka upande wangu, na mimi nimepona." Akanitazama uso wangu ulivyovimba, akarudi kwenye hesabu zake.

Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba barua ile haitakaa tena kabatini. Nilimwambia mama twende tukakaguliwe, nikampigia na shangazi. Nilitegemea akatae. Akasema, "Nitakuja. Nataka niandikiwe kwamba sina kitu, halafu hiyo karatasi umpelekee mama yako."

Alikuja na suti yake ya kanisani na mkoba. Yeye na mama wakasalimiana kwa heshima zote, "Habari za siku nyingi, wifi," "Nzuri, wifi," wakakaa benchi moja na kuacha nafasi ya mtu katikati. Binti yangu akaenda kukaa hapo.

Mama alitangulia. Hana kitu. Binti yangu akafuata, nesi akamkagua mgongo na mikono. Hana kitu. Wakampa kidonge cha kinga cha mara moja, na mama naye akapewa chake. Kisha shangazi akaingia nyuma ya pazia, akaniambia niingie naye nimshikie koti la suti lisije likajikunja.

Alipovua blauzi nililiona kabla ya nesi kusema. Chini ya bega la kushoto, mahali ambapo mtu anayeishi peke yake hawezi kupaona, kulikuwa na baka moja jepesi, upana wa kiganja cha mtoto. Nesi akamwambia afumbe macho, kila akiguswa na pamba aseme. Akamgusa mkono.

"Hapo," shangazi akasema.

Akamgusa shingo.

"Hapo."

Akamgusa kwenye baka. Shangazi kimya. Akamgusa tena, akiipitisha pamba polepole kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Kimya.

"Sema ukisikia, mama."

"Si bado hujaanza?" shangazi akauliza, macho kayafumba, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mzito.

Nilikuwa naiona pamba imelala mgongoni mwake. Nesi akanitazama, na sikujua niweke wapi macho.

Aliambiwa hapo hapo, kwa upole. Alivaa blauzi yake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akauliza dozi ni ya muda gani. Miezi sita, akaambiwa, kwa sababu ni baka moja na wadudu ni wachache. Akauliza kama atatoka vinundu kama vyangu. Nesi akasema kwa aina yake ile vinundu hivi havitegemewi. Mimi nikasimama pale na suti mkononi, nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku ya kwanza. Damu moja, chumba kimoja, mdudu yule yule, halafu yeye kapata baka moja lisilomsumbua na mimi nikapata yale.

Kwenye korido mama alikuwa ameshaelewa. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Umeona sasa. Ni upande wao."

Nesi alikuwa anapita, akasikia. Akasimama. "Hapana, mama. Hawa wawili walilala chumba kimoja miaka sita. Inawezekana huyu ndiye aliyempa yule, au yule aliyempa huyu. Inawezekana wote walipewa na mpangaji wa chumba cha pili ambaye hata jina lake hamlikumbuki. Huu ugonjwa unaweza kukaa mwilini miaka mingi sana kabla ya kujitokeza. Hatuna namna ya kujua."

"Lakini ni ndugu," mama akasema.

"Ni ndugu, ndiyo."

"Basi."

Nesi akaenda zake. Nadhani aliona kwamba kila alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa na "lakini" ndani yake.

Shangazi alitoka, mkoba mkononi. Alipita mbele ya mama, akasimama. Nilijua mama anazo silaha zote siku ile, nyusi na kila kitu. Alimtazama wifi yake. Kisha akasema, "Ile dawa inachoma tumbo ukiimeza bila chakula. Huyu ilimsumbua. Kula uji kwanza."

"Nitakula," shangazi akasema.

Asubuhi ya tatu nilimkuta mama uani na simu sikioni. "Wifi, umemeza?" Akasikiliza. "Haya." Akakata. Hakukuwa na salamu wala kuaga. Akaendelea hivyo kila asubuhi, saa moja, mpaka miezi sita ikaisha, na sikumbuki hata siku moja waliongea jambo lingine kwenye simu ile.

Mimi dozi yangu ya prednisoloni ilishushwa kwa karibu mwaka mzima. Vinundu vilirudi mara moja tena, vitatu tu, kwenye paja la kulia, vikaondoka vyenyewe. Uso wangu umerudi kuwa wangu. Kidole cha mwisho bado hakisikii na wamesema hakitasikia, kwa hiyo nanyoosha nguo nikiwa nakitazama. Daktari anasema vinundu vinaweza kutoka tena, vinaweza visitoke. Nilimuuliza mara ya mwisho kama ni kitu cha damu yangu, akaanza kunieleza, nikamwambia basi, daktari, ahsante.

Binti yangu anakaguliwa kila mwaka. Mpaka sasa hana kitu. Haulizi tena ametoka upande gani, na sijui kama ni kwa sababu amesahau au kwa sababu amepata jibu lake mwenyewe ambalo hajaniambia.

Shangazi anaamini aliupata kwa mpangaji mmoja mwanaume aliyekuwa anakohoa, miaka ile ya Mwananyamala. Mama anaamini ni upande wa baba, ila siku hizi hasemi mbele ya watu. Kila mmoja ana maelezo yanayomtosha. Mimi nawasikiliza wote wawili, nakubali kwa kichwa, kisha narudi kwenye sare zangu, kwa sababu shule zikikaribia kufunguliwa wazazi huja wote kwa pamoja, na kila mmoja anataka ya mwanawe itangulie.